Pua ya Prado imeinama baada ya kufunga bampa la chuma: springi au spesa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Prado 150 TX ya 2011, petroli 2.7, niliyoagiza Japani. Nimefunga bampa la chuma la kilo 62 na winchi ya kilo 38. Tangu hapo pua imeinama, tena upande wa kulia, wa dereva, umelala zaidi. Nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa milimita: mbele kushoto 490, mbele kulia 478, nyuma kushoto 535, nyuma kulia 529. Nyuma kuna friji na boksi la vifaa, kama kilo 80, muda wote. Wakati wa likizo tunapakia zaidi. Fundi anasema nisipoteze hela kwenye springi, atanichongea spesa (vipande vya kunyanyulia gari) za inchi mbili azifunge mbele, yaishe. Nimsikilize? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Nzuri, ndugu. Kwanza nikupongeze kwa kupima katikati ya gurudumu badala ya kupima kutoka chini, maana kipimo cha kutoka chini kinadanganywa na upepo wa tairi na kuisha kwa kashata (meno ya tairi). Namba zako zinatosha kuanzia kazi.

Kabla fundi hajachonga chochote muulize: hizo inchi mbili ni unene wa spesa, au ni kimo ambacho gari litapanda? Kwenye Prado hivyo ni vitu viwili tofauti. Shokapu ya mbele, yenye springi yake, haikusimama juu ya gurudumu. Imekanyaga ami ya chini (wengine huiita wishiboni) karibu na katikati yake, na gurudumu liko mwishoni mwa ami hiyo. Huo ni wenzo: shokapu ikisogea milimita 10, gurudumu linasogea karibu milimita 20. Kwa hiyo spesa yenye unene wa milimita 10 juu ya shokapu inanyanyua gari karibu milimita 20, na spesa yenye unene wa inchi mbili halisi inataka kunyanyua karibu inchi nne. Ami haishuki kiasi hicho. Utaona fundi anaikandamiza kwa mtaimbo ili bolti ya chini iingie, na hapo boljointi ya juu imeshafika kikomo na jointi za CV (zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu) zimepinda kupita kiasi. Madukani zipo spesa zinazouzwa kwa jina la "inchi mbili" zenye unene wa milimita 25 tu. Muuzaji anataja kimo. Fundi wa kuchonga akisikia inchi mbili atachukua rula na kukata inchi mbili.

Sasa tuone uzito, maana ndio ulioleta shida. Kilo zako 100 haziko juu ya ekseli ya mbele, zinaning'inia mbele yake. Prado ya milango mitano ina milimita 2790 kati ya ekseli na ekseli. Tuseme bampa na winchi viko kama milimita 800 mbele ya ekseli. Kwa mzani huo, kilo 100 zinageuka kuwa karibu kilo 129 kwenye ekseli ya mbele, na ekseli ya nyuma inapunguziwa kilo 29, kama vile mtoto mzito amekaa ncha ya pembea. Kila gurudumu la mbele limeongezewa kilo 64 na kitu. Chukua springi inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 10. Kwenye gurudumu, kwa sababu wenzo ule ule unapunguza nguvu na pia unaongeza mwendo, inakuwa takribani kilo 3 kwa milimita. Gawanya: milimita 21 hivi. Ndiyo pua yako iliyoinama, na nyuma imenyanyuka kidogo, ndiyo maana kwa macho gari linaonekana limeinama kuliko namba zinavyosema.

Spesa ingerudisha milimita hizo 21. Shida ni kwamba spesa haina nguvu ya kubeba. Kilo 129 bado zingekuwa juu ya springi iliyotengenezwa kwa gari lisilo na bampa la chuma. Kwenye barabara ya mawe na makorongo pua ingeendelea kuzama na kupiga raba za kikomo, ila ingekuwa inazama kuanzia juu zaidi.

Kuna spesa za aina mbili, na mafundi wengi huzichanganya. Ya kwanza hukaa juu ya kichwa cha shokapu, kati yake na chesisi. Hii inasukuma shokapu nzima chini. Gurudumu linaning'inia chini zaidi linapokosa ardhi, na shokapu inaweza kufika mwisho wa kubonyea kabla ami haijagusa raba ya kikomo. Ikiwa nene, shokapu inakuwa ndiyo kikomo, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta yanaanza kuvuja. Ya pili hukaa ndani, kati ya springi na sahani yake ya juu. Hii haibadilishi urefu wa shokapu, lakini inaibana springi: koili zinakaribiana, na shokapu inasimama karibu na mwisho wake wa kufunguka. Ukitoka kwenye tuta utasikia "ko!" gurudumu linaposhuka. Huo ni mlio wa shokapu kufika mwisho, usimruhusu mtu akubadilishie boljointi nzima kwa ajili yake.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu: uzito unajibiwa na springi, na spesa nyembamba inajibu tofauti ya kulia na kushoto. Wewe una matatizo yote mawili, na yana mpangilio wake. Usianze na la pili.

Ukienda kununua springi, usiulize "lifti ya inchi ngapi". Watengenezaji wanaojulikana, kama Old Man Emu, Ironman au Dobinsons, wote wa Australia, hupanga springi za mbele za Prado kwa uzito wa vifaa vilivyoongezwa: gari tupu au bampa jepesi, halafu bampa la chuma na winchi, halafu zaidi ya hapo. Mara nyingi utakuta kundi la kilo 0 hadi 50 na kundi la kilo 50 hadi 110, au namba za jirani. Kwa kilo 100 wewe ni wa kundi la pili, karibu na ukingo wake wa juu, na muuzaji mwenye tamaa atakusukumia la tatu. Kataa. Springi hizo zilipimwa kwenye Prado zilizouzwa Australia miaka ya gari lako, yaani za dizeli 3.0 au petroli V6. Yako ina injini ya silinda nne ya petroli, nyepesi kuliko dizeli ile, na hiyo inakurudisha katikati ya kundi la pili. Ukifunga za kundi la tatu, pua itakaa juu kuliko ulivyotaka na gari litakuwa gumu kama mkokoteni. Maelfu ya Prado zetu zimetoka Japani na injini hii ya 2.7, na malalamiko mengi ya "springi mpya zimekuwa ngumu" yanaanzia hapo.

Muulize muuzaji ugumu wa springi na urefu wake ikiwa huru. Springi ndefu laini na springi fupi ngumu zinaweza kulisimamisha gari kwenye kimo kile kile. Tofauti utaiona barabarani. Ndefu laini itazama sana ukifunga breki. Fupi ngumu itakurusha kwenye mawe madogo. Kwa bampa lililokaa hapo siku zote, ongeza ugumu kwanza, kimo kifuate.

Lengo lako liwe mbele kama 530 pande zote mbili, na nyuma kama 550 ukiwa na kilo zako 80. Hiyo milimita 20 ya nyuma kuwa juu si kasoro: ukipakia familia na mizigo ya likizo nyuma itashuka, na gari linalosawazishwa likiwa tupu litasafiri limekalia makalio, taa zikimwangaza machoni anayekuja mbele. Kumbuka pia kwamba matao ya madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa sawa. Ukitaka kujua kama gari liko sawa kweli, weka pima-maji kwenye kizingiti cha chini ya milango.

Kwa nyuma, ekseli ni ya moja kwa moja na springi imekaa juu yake, kwa hiyo hapo hakuna wenzo wa mbili kwa moja. Spesa ya milimita 20 inapandisha karibu 20. Lakini kilo zako 80 ni za kudumu, nunua springi ya nyuma ya kundi la mzigo mwepesi wa kudumu. Mzigo wa likizo usiununulie springi, kwa sababu miezi kumi na moja iliyobaki utaumia mgongo. Uwekee mifuko ya hewa inayoingia ndani ya koili za nyuma. Ukipakia unaijaza, ukishusha unaipunguza, ila isishuke chini ya psi 5 la sivyo inajikunja na kukatwa na koili.

Hapa niseme neno kuhusu winchi: ikiwa bado ina waya wa chuma, ukibadilisha uweke kamba ya sintetiki na mdomo wa aluminiamu (pale kamba inapopita) unapunguza karibu kilo 10 pale pale kwenye ncha ya pua. Hakuna springi inayofanya kazi nzuri kuliko kilo ambayo haipo.

Tuje kwenye kulala upande. Tofauti yako ni milimita 12 mbele na 6 nyuma, zote kulia. Kwa kuwa chesisi ni ngumu, kona moja iliyochoka huivuta na nyingine, hivyo namba hizo peke yake hazisemi mkosaji yuko wapi. Fanya jaribio hili. Gari liwe kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, matairi yawe na upepo sawa, kabari zikae mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Weka jeki katikati kabisa ya krosimemba ya mbele (chuma kinachounganisha pande mbili za chesisi), nyanyua hadi magurudumu yote mawili ya mbele yaachane na sakafu, halafu pima nyuma kulia na nyuma kushoto. Mbele sasa imesimama kwenye nukta moja, haiwezi kuisukuma nyuma upande wowote. Ikiwa nyuma imejisawazisha, kulala kunatoka mbele. Ikiwa bado imelala kulia, springi ya nyuma kulia imechoka au ina ufa. Mtu yeyote asiingie chini ya gari wakati huo.

Kisha angalia koili kwa tochi. Springi za mbele hupenda kukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, pale tope na mchanga vinapojikusanya, na kipande kilichokatika huendelea kukaa mahali pake kama kawaida. Pitisha kidole. Angalia pia kama rangi imelika kati ya koili na koili: hiyo ina maana zimekuwa zikigusana.

Kuna chanzo kingine ambacho hakina uhusiano na springi. Kama gari lako lina KDSS, mfumo wa mafuta kwenye stebilaiza, yaani vyuma vya kuzuia gari lisilale kwenye kona (utaona mirija ya chuma inayokwenda kwenye silinda ndogo zilizoungwa na stebilaiza), mafuta hayo yanaweza kulishikilia gari likiwa limelala hata kama springi ni nzima. Dawa yake ni kufungua valvu zake mbili, zilizo kwenye chesisi, mizunguko miwili hadi mitatu, kuliacha gari lisimame lenyewe mahali tambarare, kisha kuzifunga. Kwenye KDSS valvu hizo lazima zifunguliwe kabla ya kugusa springi yoyote. Fundi asiyejua hilo atakufungia springi mpya na gari litaondoka limelala vile vile. Angalia pia kwamba gari lako lina koili nyuma, kwa sababu baadhi ya matoleo ya juu ya Prado yana mifuko ya hewa ya kiwandani badala yake.

Siku ya kufunga, simama karibu. Springi za kulia na kushoto si lazima ziwe sawa. Toyota mwenyewe huweka tofauti, na seti nyingi huwa na moja ndefu kidogo kwa upande wa dereva. Sasa soma lebo kwa akili: seti iliyotengenezwa kwa soko la Australia, "dereva" ni kulia kama kwetu. Seti iliyoagizwa Marekani, "dereva" ni kushoto. Ukiifunga kushoto kama wanavyofanya huko bila kufikiri, springi ndefu inakaa upande wa abiria na milimita zako 12 zinazidi. Ndugu zetu wa Rwanda na Kongo wenye usukani wa kushoto wafanye kinyume.

Shokapu zitoke na mpya ziingie pamoja na springi. Shokapu ya zamani haiwezi kuituliza springi ngumu. Gari litacheza kama boti. Kabla ya kuitoa, fundi apige alama kuonyesha bolti tatu za juu zinaelekea wapi kulinganisha na jicho la chini, maana ikikusanywa imezungushwa hata kidogo haitaingia. Nati ya katikati ya shokapu isiguswe kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vinavyolingana, kila kimoja upande wake. Springi hiyo imebanwa kwa mamia ya kilo, na nati ikitoka mapema kichwa cha shokapu kinaruka kama risasi. Mwisho wa koili ukae ndani ya kiota chake kwenye sahani ya chini, na raba ya juu isisahaulike. Koili ikikalia nje ya kiota, gari litapanda milimita kadhaa upande huo leo, halafu siku moja litadondoka ghafla na mlio. Viungo vya stebilaiza vifunguliwe pande zote mbili kwa pamoja, na waya wa ABS na mpira wa breki vifunguliwe klipu zake kabla ami haijashushwa. Nyuma, mtu mmoja aangalie mpira wa breki na bomba la kupumulia la difu wakati ekseli inashuka.

Kosa linalofanyika kila gereji ni kukaza bolti za bushi za ami gari likiwa linaning'inia. Bushi ni mpira uliogandishwa kwenye vyuma viwili. Ukikaza ami ikiwa chini, basi gari likikanyaga ardhi mpira unakuwa umesokotwa muda wote; unalishikilia gari juu kwa uongo kwa wiki kadhaa, halafu unachanika. Bolti hizo zishikizwe tu, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma mita chache, ndipo zikazwe. Nati tatu za juu ya shokapu ni nyutani-mita 64 na bolti ya chini ni 83, kwa spana ya kupimia.

Ukimaliza, usipime siku hiyo hiyo ukaanza kulalamika. Endesha kilomita 500 hadi 1000, pamoja na barabara mbovu, ili springi zikae. Kisha pima tena kona nne, tangi likiwa limejaa, dereva akiwa amekaa ndani, maana uzito wake ni sehemu ya hesabu. Tofauti ya kulia na kushoto ikiwa chini ya milimita 8, iache, macho hayaioni. Ikiwa bado 10 au 12, hapo ndipo spesa ya fundi wako inapopata kazi: moja, ya milimita 5, juu ya shokapu ya kulia peke yake. Itanyanyua mbele kulia karibu milimita 10, itashusha mbele kushoto kidogo, na nyuma kulia nayo itafuata juu kidogo. Usiweke ya 10 kwa kudhani utamaliza mara moja, utaligeuza gari lilale kushoto. Iwe ya aluminiamu au chuma, yenye matundu matatu yanayolingana na ya kichwa cha shokapu, na baada ya kukaza ncha ya bolti itokeze nyuzi mbili au tatu nje ya nati. Isipotokeza, spesa ni nene mno kwa bolti hizo. Mrundo wa washa si spesa. Kipande cha mbao nacho si spesa, hata kiwe cha mninga.

Na zile raba zinazouzwa barabarani za kuchomeka kati ya koili ziache kabisa. Raba inaizuia koili moja isifanye kazi, kazi yake inabebwa na zilizobaki, na springi inakatika kando ya ile raba.

Alaimenti ni lazima baada ya kimo kubadilika, na usiridhike na tairi kuwekwa sambamba tu. Gari likinyanyuliwa mbele, kasta (mlalo wa gurudumu kuelekea nyuma unaonyoosha usukani) inapungua, na dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga kwenye lami. Ami za chini zina bolti za kamu mbele na nyuma kwa ajili ya kurekebisha hilo, ikiwa zimeshikana kwa kutu, zilowekwe mafuta ya kulegeza siku moja kabla ili fundi wa alaimenti asiishie kukwambia "hapa haiwezekani." Kwa kimo nilichokupa, ami za juu za kiwandani zinatosha. Ukivuka milimita 50 juu ya kimo cha kiwandani ndipo utahitaji ami za juu za aina nyingine, na buti za CV zitaanza kuvuja grisi kwenye mkunjo wa ndani.

Mwishowe rudisha taa chini. Pua imepanda karibu sentimita tano kutoka ilipo sasa, na mwanga nao umepanda. Simamisha gari mita tano kutoka ukutani kabla ya kuingiza springi, weka alama ya ukingo wa juu wa mwanga, na ukimaliza kazi yote rudi kwenye ukuta ule ule. Skrubu ya kurekebishia iko nyuma ya kila taa.